Mgeni Mashuhuri na Mpira wa Nyumbani

Msomaji, lau ungalipita katika soko la Naitiri jioni ya Alhamisi, tarehe 13 Julai mwaka 2017, ungalidhani ya kuwa wenye maduka wamepatwa na jambo. Milango ilikuwa wazi, mizani na gorogoro za kupimia mahindi zilikuwa mahali pake, lakini nyuma ya meza hapakuwa na mtu. Hata waendeshaji wa bodaboda, ambao kwa kawaida hawamwoni mtu amebeba mfuko wakakosa kumwita, walikuwa wameziacha pikipiki zao zimeegeshwa safu moja. Wote walikuwa wamesongamana ndani ya hoteli moja ndogo ya chai yenye televisheni ukutani, na wale walioshindwa kuingia walisimama dirishani. Mimi wakati ule nilikuwa mwalimu mpya, katika mwaka wangu wa kwanza tangu kutoka chuo cha ualimu, na heshima ya kazi ilinitaka nisionekane nikisukumana na wanafunzi wangu. Walakini nilisukumana.

Mpira ule ulichezwa Dar es Salaam, katika Uwanja wa Taifa, ambao tangu mwaka 2020 huitwa Uwanja wa Benjamin Mkapa. Gor Mahia ya Kenya ilikuwa ikikabiliana na Everton ya Uingereza. Lakini nikisema kwamba watu wa Naitiri walikuja kuitazama Everton, nitakuwa nimeipotosha historia. Walikuja kumtazama mtu mmoja, Wayne Rooney, aliyekuwa amefunga mabao mengi kuliko mtu yeyote katika timu ya taifa ya Uingereza hadi siku hiyo, na ambaye siku nne tu kabla yake alikuwa ametoka Manchester United na kurudi Everton, klabu iliyomlea. Waliopanga safari ile hawakujua, walipoipanga, kwamba wangekuja naye. Alikuwa mgeni wa bahati.

Katika kipindi cha kwanza Rooney aliupata mpira mbali na lango, umbali wa mita zipatazo 30, akautazama, akaupiga. Mpira ulipita juu ya mikono ya mlinda lango ukaingia. Hoteli yetu ililia kwa furaha, ijapokuwa bao lilikuwa limefungwa dhidi ya timu ya Kenya! Huko uwanjani kijana mmoja aliwaponyoka walinzi, akakimbia hadi kati ya uwanja, akamkumbatia Rooney kabla ya kukamatwa na kuondolewa. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi. Aliyekumbatiwa alikuwa ndiye aliyetufunga.

Kisha likatokea jambo ambalo magazeti ya ng'ambo hayakulitilia maanani. Kabla ya mapumziko Jacques Tuyisenge, mshambuliaji kutoka Rwanda aliyekuwa akiichezea Gor Mahia tangu mwaka 2016, alisawazisha. Yafaa ujue, kama hujui, ya kwamba sisi watu wa upande huu wa Bungoma na Kitale tumezaliwa katika nyumba za Ingwe, yaani AFC Leopards, klabu iliyoundwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Mtu wa Ingwe hamshangilii Gor Mahia hata akiwa ndotoni. Tena mwezi mmoja tu kabla ya siku hiyo, Gor Mahia ilikuwa imeifunga Ingwe mabao matatu kwa bila katika fainali iliyoipa Gor nafasi hiyo ya kucheza na Everton. Lakini Tuyisenge alipofunga, mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele yangu, shabiki wa Ingwe tangu ujana wake, aliruka juu hata chai yake ikammwagikia. Alipotulia alitazama huku na huku kama mtu aliyeshikwa akiiba ndizi. Mwishoni Everton ilishinda kwa mabao mawili kwa moja, bao la pili likifungwa na kijana Kieran Dowell. Rooney hakuwapo tena uwanjani. Alikuwa amepumzishwa wakati wa mapumziko.

Basi, msomaji, nakuuliza swali ambalo nimekuwa nikiwauliza wanafunzi wangu. Mchezaji mashuhuri wa nchi ngeni akija mahali ambapo mpira wa nyumbani hauna watazamaji wengi, je, watu hupendezwa na mpira, au hupendezwa naye? Na akiisha kuondoka, hubaki nini? Swali hili si letu peke yetu. Wamarekani wamelijibu kwa fedha nyingi sana, tena zaidi ya mara moja, nasi tunaweza kujifunza kwao bila kulipa hata senti.

Kwanza tutazame nyuma kidogo. Watu wengi hudhani kwamba kampuni za biashara zimeanza kuufuata mpira wetu juzi tu. Sivyo. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, nalo lilipewa jina la kampuni ya sabuni ya William Gossage, ya mji wa Widnes kando ya mto Mersey, si mbali na Liverpool, ambako ndiko nyumbani kwa Everton. Kwa hiyo mto ule ule ulitutumia sabuni kwanza, kisha miaka 91 baadaye ukatutumia Rooney. Lakini Kombe la Gossage lilikuwa na jambo moja jema: liliwashindanisha watu wa hapa kwa watu wa hapa, mwaka baada ya mwaka, na baadaye Tanganyika na Zanzibar zikaingia. Aliyemwona jirani yake akicheza mwaka huu alimngojea tena mwaka ujao.

Hata wageni wa Uingereza si jambo jipya. Mwaka 1968 West Bromwich Albion walizuru Afrika Mashariki, wakiwa wametoka kuchukua Kombe la FA. Katika fainali hiyo walikuwa wameifunga nani? Everton, kwa bao moja la Jeff Astle. Wakati ule Kenya ilikuwa na nyota yake ya nyumbani, Joe Kadenge wa Maragoli, ambaye jina lake watangazaji wa redio walilitaja mara nyingi hata maneno "Kadenge na mpira" yakawa msemo wa nchi nzima. Babu zako, msomaji, hawakuhitaji kuvuka mpaka ili wampate mtu wa kumwigiza. Mtoto aliyekuwa akipiga mpira wa matambara katika vumbi la uwanja alijiita Kadenge, na Kadenge mwenyewe alikuwa akiishi katika nchi hiyo hiyo, akipanda mabasi yale yale. Nakuomba uliweke neno hili moyoni, maana nitalirudia.

Sasa tuvuke bahari. Marekani ni nchi kubwa yenye michezo yake yenyewe, na mpira wetu wa miguu kwa muda mrefu ulionekana huko kuwa mchezo wa wahamiaji. Mwezi wa Juni mwaka 1975 klabu ya New York Cosmos ilimwajiri Pelé wa Brazil, aliyekuwa na umri wa miaka 34 na alikuwa amekwisha kustaafu kwao. Mechi yake ya kwanza ilichezwa tarehe 15 Juni katika uwanja mdogo wa Randall's Island, na inasimuliwa kwamba sehemu zisizokuwa na majani zilipakwa rangi ya kijani ili zisionekane vibaya katika televisheni. Kabla ya hapo Cosmos ilizoea kuchezea mbele ya watu elfu chache tu. Miaka miwili baadaye, tarehe 14 Agosti 1977, watazamaji 77,691 waliingia katika Giants Stadium kuitazama klabu hiyo hiyo. Hesabu hiyo ni ya kustaajabisha, na ukiitazama peke yake utasema kwamba jambo limekwisha: nyota amekuja, nchi imeongoka.

Lakini mwanahistoria hasimami mahali ambapo hesabu ni nzuri. Klabu nyingine zilipoona umati wa Cosmos, kila moja ilitaka Pelé wake. Ziliwaleta wachezaji wakubwa waliokuwa wakielekea mwisho wa safari zao, wakalipwa kwa fedha ambazo milango ya viwanja haikuweza kuzirudisha. Mwaka 1978 ligi ile ilikuwa na klabu 24. Pelé alikuwa amestaafu tarehe 1 Oktoba 1977. Kufikia mwaka 1984 zilibaki klabu tisa, na baada ya msimu huo ligi ikafa. Mkulima wa Naitiri atalielewa jambo hili upesi kuliko mwenye benki. Mtu akinunua mahindi mabichi barabarani kila siku badala ya kupanda, atashiba mwezi wa Agosti, na mwezi wa Januari atakuja kuomba.

Hata hivyo itakuwa dhuluma kusema kwamba Pelé hakuacha kitu. Watoto waliomwona waliendelea kucheza shuleni na katika viwanja vya mitaa hata baada ya ligi kufa. Mwaka 1990 Marekani ilirudi katika Kombe la Dunia, mara ya kwanza tangu mwaka 1950, na timu iliyokwenda ilikuwa ya vijana waliozaliwa katika miaka ya sitini, yaani waliokuwa watoto wadogo Pelé alipotua New York. Ligi mpya ilianza mwaka 1996. Alipokuja David Beckham, mwaka 2007, ligi hiyo ilikuwa na klabu 13 na sheria za kuzuia matumizi ya ovyo, hata ikabidi itungwe kanuni maalumu ya kumruhusu mchezaji kama yeye kulipwa kupita kiwango. Mwaka 2025 klabu zilikuwa 30. Tofauti iliyopo kati ya Pelé na Beckham haimo katika miguu yao; nani angewalinganisha? Tofauti ni kwamba wa pili alikuta nyumba ina msingi.

Na bado Wamarekani hawajapona kabisa ugonjwa wa kumpenda mgeni kuliko mchezo. Mwaka 2023 Lionel Messi alijiunga na Inter Miami, na katika mechi yake ya kwanza, tarehe 21 Julai, alifunga kwa mkwaju wa adhabu katika dakika za mwisho. Nchi nzima ikapagawa. Mwezi wa Oktoba Inter Miami ilikwenda kucheza Chicago, na watu 62,124 wakafika uwanjani. Messi alikuwa ameumia, hakucheza. Timu ya Chicago ilishinda kwa mabao manne kwa moja. Jiulize, msomaji: katika watu hao 62,124, ni wangapi waliorudi nyumbani wakiwa wamefurahi kwa kuwa timu ya mji wao imeshinda?

Rooney naye alikwenda huko huko. Tarehe 14 Julai 2018, mwaka mmoja na siku moja baada ya jioni ile ya Dar es Salaam, aliichezea DC United kwa mara ya kwanza, siku ambayo klabu hiyo ilikuwa ikifungua uwanja wake mpya. DC United ilikuwa mkiani mwa kundi lake. Kabla msimu haujaisha ilikuwa imepanda hata ikaingia katika mechi za mchujo. Huyu ni mtu yule yule tuliyemwona katika televisheni ya Naitiri. Lakini kule alikuwapo wiki iliyofuata, na wiki iliyofuata hiyo, akikimbia katika mvua na kupigiwa makelele alipokosea. Kwetu alikaa dakika 45.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uchungu. Wiki ile baada ya mechi ya Everton, nilikuwa nikiisimamia timu ya shule niliyokuwa nikifundisha. Wavulana wangu walikuwa wamejifunza vizuri kupasiana kwa pasi fupi fupi. Jambo hilo lilikuwa limenigharimu muhula mzima. Siku ya Jumamosi tulicheza na shule ya jirani. Kila mvulana wangu aliyeupata mpira aliupiga moja kwa moja kutoka katikati ya uwanja, kama Rooney. Mipira iliruka juu ya lango ikaingia katika shamba la mahindi, ambayo kwa mwezi wa Julai yalikuwa marefu kupita watu, na tulipoteza muda mwingi tukiitafuta. Tulifungwa mabao manne. Nilipowauliza ni nani kati yao aliyejifanya Tuyisenge, walinitazama kama niliyewatukana. Na kesho yake, Jumapili, timu mbili za vijana wa maeneo yetu zilipocheza hapo hapo, watazamaji hawakufika 50, ilhali katika hoteli ile ya chai watu walikuwa wakitazama kwa mara ya tatu bao la Rooney lililorudiwa.

Usidhani ninamlaumu Rooney. Mgeni hana hatia kwa kupendwa. Lakini tazama yaliyofuata. Safari ya Everton iligharamiwa na SportPesa, kampuni ya kamari ya michezo, ambayo jina lake lilikuwa kifuani mwa Everton, Gor Mahia na AFC Leopards, na juu ya Ligi Kuu ya Kenya yenyewe. Everton walikuja tena, safari hii Nairobi, tarehe 7 Julai 2019, wakacheza na Kariobangi Sharks katika uwanja wa Kasarani. Mechi iliisha kwa bao moja kwa moja, na Sharks, klabu changa ya mtaa wa Nairobi, ikashinda kwa penalti nne kwa tatu. Ni jambo la kujivunia. Lakini Jumapili hiyo hiyo, jijini humo humo, Joe Kadenge alifariki dunia. Nilipozisikia habari hizo mbili katika taarifa moja nilikaa kimya. Nchi ilikuwa imempokea mgeni wake na kumwaga nyota wake kwa siku moja, na mimi sijui msomaji atasemaje, lakini nilijiuliza ni wanafunzi wangu wangapi waliojua kwamba maneno "Kadenge na mpira" yalikuwa jina la mtu aliye hai.

Haukupita mwezi mmoja hivi. Serikali ya Kenya ilikuwa imekataa kuongeza leseni za kampuni kadhaa za kamari kwa sababu ya mgogoro wa kodi, na katika mwezi wa Agosti 2019 SportPesa ikatangaza kuufuta udhamini wake wote nchini. Klabu zilizokuwa zikisafiri kwenda kucheza na Everton zikawa hazina nauli. Mwezi wa Novemba mwaka huo SoNy Sugar, klabu ya Awendo iliyokuwa imewahi kuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006, iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika uwanjani mara tatu. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya kwa sababu ya mvutano kati ya serikali na viongozi wa mpira, na kifungo hicho hakikuondolewa hadi Novemba. Umati wa hoteli ya chai haukulia. Ligi ya Uingereza ilikuwa ikiendelea katika televisheni kama kawaida.

Tena kulikuwa na hasara ya pili, isiyoandikwa katika taarifa za klabu. Watu walipofundishwa kuupenda mpira wa mbali, walifundishwa pia kuukisia kwa fedha. Kijana mmoja niliyekuwa nimemfundisha, mwenye akili na tabia nzuri, alitumwa na wazazi wake kupeleka karo ya mdogo wake. Njiani akaikumbuka mechi ya Ulaya iliyokuwa ikichezwa usiku ule, mechi ambayo aliamini kwamba mwisho wake unajulikana. Aliweka dau kwa simu. Mdogo wake, msichana aliyekuwa wa pili katika darasa langu, alikaa nyumbani muhula mzima akipalilia maharagwe. Kila nimwonapo kijana yule barabarani huniamkia kwa kuinama sana, naye hupita upande wa pili.

Lakini sitaki ufikiri kwamba kila mgeni ni mpita njia. Majirani zetu wa Tanzania wametuonyesha njia nyingine, na mtu wa haki lazima aitaje. Meddie Kagere, mshambuliaji wa timu ya taifa ya Rwanda, alikuwa akicheza Gor Mahia. Mwezi wa Juni mwaka 2018 aliifungia Gor dhidi ya Simba katika fainali iliyochezwa Afraha, Nakuru. Na Simba, badala ya kununa, wakamchukua. Katika msimu wake wa kwanza Tanzania alifunga mabao 23 ya ligi. Wakaja wengine: Clatous Chama wa Zambia kwa Simba, Fiston Mayele wa Kongo na Stephane Aziz Ki wa Burkina Faso kwa Yanga. Hawa hawakuja kupiga picha. Walipanga nyumba, walijifunza Kiswahili cha kuagizia chakula, wakasafiri hadi Mbeya na Bukoba, wakacheza katika viwanja vyenye matope. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, ikashindwa na USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini tu, na Mayele akawa mfungaji bora wa mashindano yale. Miaka miwili kabla yake kituo cha Azam kilikuwa kimeununua urushaji wa matangazo ya ligi ya Tanzania kwa shilingi za huko bilioni 225.6, kwa miaka kumi. Siku hizi hoteli ya chai ya Naitiri huwasha Simba na Yanga.

Je, ni hao wageni walioleta shauku hiyo? Hapa lazima tuwe waangalifu. Yanga iliundwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na utani wao ulikuwa umeugawa mji wa Dar es Salaam miaka mingi kabla Mayele hajazaliwa. Tena kuna jambo la kuchekesha: Simba hapo kale iliitwa Sunderland, kwa jina la klabu ya Uingereza, hata mwaka 1971 ikajipa jina la Kiswahili. Kwa hiyo moto ulikuwapo. Wageni walileta kuni. Mahali ambapo hapana moto, kuni hubaki kuni tu.

Kenya nayo ilipata mgeni wa kukaa. Machi 2025 Benni McCarthy wa Afrika Kusini, aliyechukua Kombe la Mabingwa wa Ulaya na Porto mwaka 2004, aliteuliwa kuwa kocha wa Harambee Stars. Jina kubwa! Lakini jina halifungi mabao. Katika mechi yake ya kwanza nyumbani Kenya ilifungwa na Gabon mabao mawili kwa moja uwanjani Nyayo, na watu wakaanza kunung'unika kwa namna ile tuliyoizoea.

Mwezi wa Agosti mwaka huo yakaja mashindano ya CHAN, yaliyoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja. Katika CHAN haruhusiwi kucheza ila mchezaji wa ligi ya nchi yake mwenyewe. Kwa maneno mengine, ni mashindano ambayo Rooney na Messi hawawezi kuyakanyaga. Ungetarajia viti vitupu. Kenya iliifunga Kongo bao moja kwa bila, ikatoka sare na Angola, kisha tarehe 10 Agosti ikaikabili Morocco. Ryan Ogam, kijana wa Tusker, akafunga. Kabla ya mapumziko mwenzake mmoja akatolewa kwa kadi nyekundu, na watu kumi wakailinda ile moja hadi mwisho. Kasarani ilifurika kupita kiasi, mageti yakavunjwa, hata CAF ikaitoza Kenya faini na kuamuru tiketi za mechi iliyofuata zisizidi 27,000. Ni aibu, lakini kwa mtu aliyeikumbuka ile Jumapili ya Naitiri na watazamaji wake wasiofika 50, ilikuwa aibu ya namna ya kuchekelea. Mwenye shaka atasema kwamba watu walivutwa na ushindi, au na ahadi ya Rais ya shilingi milioni moja kwa kila mchezaji kwa kila ushindi. Huenda. Lakini tarehe 22 Agosti, Kenya ilipotolewa na Madagascar kwa penalti, nilikuwa katika hoteli ile ile ya chai, na hakuna aliyeinuka kuondoka kwa muda mrefu. Mwenye hoteli alizima televisheni, nasi tukabaki tumekaa tukiutazama ukuta.

Siku mbili baadaye nilipita uwanjani Naitiri. Ilikuwa likizo, mvua ya mchana ilikuwa imekatika, na Mlima Elgon ulionekana wazi kwa upande wa magharibi. Wavulana wapatao kumi na watano walikuwa hawajaanza kucheza kwa sababu walikuwa wakigombana: watatu kati yao walitaka kuwa Ogam. Mmoja alidai kwamba Ogam anakwenda kucheza Austria, kwa hiyo nafasi iko wazi. Mwingine akasema kwamba hata akienda, bado ni wa kwao. Mwishowe wakaokota kijiti wakapiga kura. Wa kwanza akawa Ogam, wa pili akakubali kuwa mlinda lango. Wa tatu, mdogo kuliko wote, ambaye hakubakiziwa jina, alisimama kando akiwa na machozi machoni, mpaka wenzake wakamhurumia wakamwambia kwamba, basi, yeye anaweza kuwa Messi.